Kadi ya Chama na Dhamiri ya Mkristo

Jumapili moja baada ya ibada kijana mmoja wa hapa Sombetini alituuliza hivi: "Mwalimu, je, ni dhambi kuchukua kadi ya chama nisichokiamini, ili nipige kura za maoni za chama hicho?" Sababu yake ilikuwa na uzito. Alisema kwamba mbunge hupatikana kwenye kura za maoni. Uchaguzi Mkuu huja kuthibitisha tu.

Tulianza na sheria. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura halimwulizi raia chama chake. Chama ndicho kinachouliza, pale kinapoteua wagombea wake, nacho kina haki, kwa maana hata sisi hatumruhusu mpita njia kuchagua wazee wa kanisa. Huko Marekani baadhi ya majimbo humtaka mpiga kura aandikishe chama chake katika daftari la serikali kabla ya kushiriki uteuzi. Kwetu hatukufika huko. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU iliteua wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na raia aliyejiandikisha alichagua kwa siri, awe na kadi au asiwe nayo.

Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 1988 wanachama wa KANU walipanga mstari hadharani nyuma ya wagombea. Asiye na kadi hakuwa na mahali pa kusimama, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Kura ya siri haikupigwa tena. Maaskofu wa Kianglikana, akina Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, waliupinga mlolongo huo waziwazi. Nani atasimama nyuma ya amtakaye, huku chifu na mwajiri wake wanamtazama?

Kwa maoni yetu ubaya huanza pale chama kinapokuwa mlango pekee. Katiba yetu yamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hilo katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Arusha, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mlango bado ni ule ule.

Hata hivyo tulimwambia kijana asichukue kadi. Achukuaye kadi hutoa ahadi. Sisi tuliosoma miaka ya 1970 twakumbuka kwamba miongoni mwa ahadi za mwana-TANU ilikuwamo ya kusema kweli daima. Mtu ataiapaje ahadi hiyo kwa uongo? Hatukumficha kwamba atapoteza: wengine watachagua, naye atakuwa nje, na huenda wakamchagua mtu mbaya.

Hakuridhika. Alituuliza, kwa heshima, kama kadi yetu wenyewe tuliichukua kwa imani au kwa ajili ya kazi. Tulimjibu kwamba tuliichukua tukiwa chuo cha ualimu, siku moja na wenzetu wote. Hakuna aliyetuuliza tunaamini nini, wala sisi hatukujiuliza. Akasema basi atafikiri mwenyewe. Tangu siku hiyo hatujamwuliza aliamua nini.