Kiota Kilichoko Chini

Jumatano

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7 na 5:16. Ni ahadi gani inayopatikana katika mafungu yote mawili?

______________________________________________

Karibu na sheria ya ng'ombe aliyepotea na ile ya ukuta wa darini, Musa anaweka sheria ya kiota. Mtu yuko njiani, anakuta kiota juu ya mti au chini, na mama ameatamia. Makinda aweza kuyachukua, lakini mama amwache aende zake.

Tusiiongezee sheria hii yale isiyosema. Haikukataza kula mayai. Iliweka mpaka mahali ambapo mwanadamu ana uwezo wote na ndege hana uwezo wowote. Siku nyingine ndege huyo angekwisha kuruka. Anakamatika leo kwa sababu tu hataki kuyaacha mayai yake. Torati inakataza kuugeuza upendo huo kuwa mtego.

Walimu wa Kiyahudi wa kale waliihesabu kuwa amri nyepesi, yenye thamani ya sarafu moja ndogo. Ni sarafu ileile ambayo Yesu aliitaja kuwa bei ya shomoro wawili (Mathayo 10:29). Hata hivyo amri hiyo ya senti moja ilipewa ahadi ileile iliyopewa amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Leo wachache wetu hutafuta mayai ya kwale. Lakini Sabato alasiri, vijana na Watafuta Njia wanapotoka kutazama kazi za Mungu, simu zenye kamera huenda pamoja nao. Ni vema kutoka, na kupiga picha si dhambi. Shida huanza pale kila mmoja anapotaka picha ya karibu kuliko ya mwenzake.

Kwale, kanga na mbuni hutaga chini. Ndege wadogo wa ufukweni hutaga juu ya mchanga mtupu, na mayai yao yenye madoadoa hufanana na kokoto. Yuko mmoja, anayeonekana kando ya maziwa yetu, ambaye huyafukia mayai kwa mchanga kwa miguu yake kabla ya kuondoka. Akishtuliwa ghafla hukosa nafasi hiyo. Wengine hujifanya wamevunjika bawa na kujikokota ardhini ili adui awafuate wao, akisahau kiota. Anayechekelea video ya namna hiyo hajui kwamba ametazama hofu ya mama. Wakati huohuo jua linayachoma mayai yaliyoachwa wazi, na majani yaliyofyekwa ili picha itoke vizuri yamemfungulia nguchiro njia.

Huko Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha viota vya ndege wa porini. Kitabu chao cha mwaka 1895 kilijaa picha hizo. Baadaye walitengeneza ng'ombe wa ngozi, mtupu ndani, na mpiga picha akajificha humo akisubiri ndege azoee. Walielewa kwamba anayetaka kuona ndiye anayepaswa kutaabika, si ndege.

Sisi hatuhitaji ngozi ya ng'ombe. Kuna darubini, kuna kukaa kimya garini, kuna kusimama mbali. Ndege akiinuka au akipiga kelele, umekwisha kukaribia mno. Rudi taratibu kwa njia uliyojia. Na kama picha haipatikani bila kumwinua mama, basi iachwe. Vivyo hivyo, usitangaze mahali kiota kilipo, maana atakayekuja baada yako huenda anataka mayai.

Soma Ayubu 39:13–16. Mungu anasema nini kuhusu mayai ya mbuni?

______________________________________________

Ayubu alikuwa ameketi katika majivu, amefiwa na watoto wake wote, Mungu akamweleza habari za mayai yaliyoachwa mchangani, hata na mguu unaoweza kuyaponda. Ayubu hakuwa na habari na kiota hicho. Mungu alikuwa amekiona.

Kundi lenu likitoka Sabato hii, na mtoto mdogo akawa wa kwanza kuona kiota kati ya majani, mtamwambia afanye nini? Na ninyi watu wazima mtasimama wapi?