Ifo na Gharama ya Kukiri

Ukweli mchungu haufichwi na ujinga peke yake. Mara nyingi kila mhusika anaujua, na bado maisha yanaendelea kana kwamba hakuna anayeujua. Ndiyo maana swali la kama binadamu yuko tayari kweli kuukabili haliishii kwenye ujasiri wa mtu mmoja mmoja. Linahusu pia nani atakayelipa siku ukweli huo ukikiriwa hadharani. Kaunti ya Garissa, nchini Kenya, imeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka 30.

Kambi ya wakimbizi ya Ifo ilifunguliwa humo mwaka 1991, si mbali na mji mdogo wa Dadaab, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia na Wasomali kumiminika mpakani. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilipangiwa watu 90,000, wakae kwa muda, vita vikiisha warudi makwao. Vita havikuisha. Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, Julai 20, 2011, wageni wapya walikuwa wakijenga vibanda vya matawi na vitambaa pembezoni mwa Ifo kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi, na wakazi wa kambi za Dadaab walipindukia 400,000. Kufikia hapo Ifo ilikuwa na shule, misikiti, makaburi, maduka ya simu, na watoto wachanga ambao wazazi wao walizaliwa kambini. Ulikuwa mji kwa kila hali isipokuwa kwenye karatasi. Nyumba ya kudumu haikuruhusiwa, safari ya Nairobi ilitaka kibali, na misaada ikaendelea kuombwa kama ya dharura.

Serikali ya Kenya nayo ilitangaza Mei 2016 kuwa kambi zitafungwa. Februari 9, 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaamua kuwa hatua hiyo ilikiuka katiba. Machi 2021 tangazo likarudi, kisha ikawekwa tarehe ya mwisho, Juni 30, 2022. Tarehe ikapita, watu wapo.

Jean-Paul Sartre alionyesha mwaka 1943 utata uliomo katika kujidanganya: anayejificha ukweli lazima awe anaujua, la sivyo hatajua afiche nini. Alikuwa akimzungumzia mtu binafsi, lakini hoja yake inazifaa taasisi zaidi. Aliyetia sahihi ombi la msaada wa dharura kwa mwaka wa 20 hakukosa taarifa. Ila kukiri kwamba Ifo haiondoki kungefungua mambo ya ardhi, kura na uraia, na ya usalama pia, hasa baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015 lililoua watu 148. Wafugaji wenyeji nao wana lao kuhusu kuni na malisho. Kila upande ulingoja mwenzake aseme kwanza.

Wakimbizi wenyewe hawakusalimika na kishawishi hicho cha kujidanganya. Hamu ya kuhamia ng'ambo, inayoitwa buufis na Wasomali, imewashika wengi ingawa wanaopata nafasi ni wachache mno. Januari 27, 2017, Rais Donald Trump alipozuia wakimbizi kuingia Marekani, wapo waliokuwa tayari Nairobi wakisubiri ndege. Walirudishwa Dadaab.

Je, tumaini la namna hiyo ni kuukimbia ukweli? Mafundisho ya Uislamu, dini ya wengi wa wakazi wa Ifo, yanasaidia kupambanua. Aya ya 135 ya Surat an-Nisaa inawataka waumini washuhudie haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Na katika hadithi inayojulikana sana, Mtume alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kwa kipimo hicho, anayesubiri barua ya safari huku akiendesha kibanda chake sokoni na kuwapeleka watoto shule hajajidanganya. Aliyeacha yote kwa sababu ataondoka mwaka huu, na mwaka ujao, na ujao, ndiye aliyejidanganya, na hata huyo si rahisi kumlaumu.

Kesi ngumu kuliko zote, hata hivyo, si ya mkimbizi. Ni ya Mkenya aliyejiandikisha kama mkimbizi. Nyakati za ukame, familia za Garissa na kaunti jirani ambazo mifugo yao ilikufa ziliingia kambini zikapata kadi ya chakula, matibabu na shule, huduma ambazo vijijini kwao hazikuwepo. Watoto wakaandikishwa pamoja na wazazi, alama za vidole zikachukuliwa. Miaka ikapita. Kijana anafika 18, anakwenda kuomba kitambulisho, anaweka vidole kwenye mashine, na mashine inasema yeye ni mkimbizi. Bila kitambulisho hapati kazi rasmi, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura. Maelfu kwa maelfu walinaswa hivyo, na shirika la Haki na Sheria la Garissa likaipeleka serikali mahakamani kwa niaba yao.

Wazazi walisema uongo, hilo halina ubishi. Lakini walioulizwa ukweli ni wao peke yao. Kwamba raia alipata chakula kwa urahisi zaidi akijiita mgeni kuliko akijiita Mkenya ni ukweli mchungu kuliko uongo wao, na huo haukuwekewa mashine ya kuutambua. Dhaifu hutakiwa akiri kwanza na alipe papo hapo. Mwenye nguvu hupewa tarehe nyingine.

Machi 28, 2025, Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Ni ukiri wa wazi kuliko yote yaliyotangulia. Mwaka huohuo mgao wa chakula kambini ulipunguzwa kwa kukosa fedha.