Kasha la Chuma la Maiti na Amana Zilizomo

  

Hutokea mtu akafa ghafula, naye ana kasha la chuma lifunguliwalo kwa tarakimu, na tarakimu hizo hakumwambia mtu. Matanga hayajaondoka, mmoja katika warithi huliendea usiku na nyundo na patasi. Jambo hili lina mlango wake katika sharia, na wengi hawaujui.

Kufuli ya kasha hilo kwa kawaida ina visahani vitatu, kila kimoja kina pengo. Mapengo yakikaa sawa, kipande cha chuma huangukia humo, na komeo huvutika. Uso wake ukiwa na tarakimu 100, njia za kujaribu ni 1,000,000. Hesabu hii huwatuliza wenye mali, lakini kinga yake ni pungufu. Richard Feynman, mtaalamu wa Marekani, alipokuwa Los Alamos katika kazi ya bomu la atomiki, miaka ya vita iliyokwisha 1945, alizichunguza kufuli za makabati ya siri akaona zafunguka hata tarakimu ikikosewa kwa mbili juu au chini. Basi njia zikashuka hadi 8,000. Tena kabati likiachwa wazi, alizijua tarakimu mbili za mwisho kwa kuigeuzageuza kufuli. Kisha akakuta kadiri ya moja katika tano zingali na tarakimu za kiwandani. Ajabu! Siri ya kuangamiza miji, na ufunguo umeachwa mlangoni.

Yeye alifanya kwa mzaha. Ama Muislamu, hana ruhusa kuigusa kufuli ya mwenziwe bila idhini, hata kwa mzaha. Kasha ni hirzi, yaani mahali pa hifadhi, na wanazuoni wameitia hirzi katika masharti ya hukumu ya wizi.

Na kasha la maiti si la mwenye nyundo. Ndani huenda mna mali ya marehemu, na rehani, na amana za watu. Na rehani na amana si mirathi. Hata mali yake mwenyewe hutangulia gharama za maziko, kisha deni, kisha wasia usiopita thuluthi, ndipo mafungu ya warithi. Basi na wakusanyike warithi wote, na wakiwamo mayatima aitwe Kadhi, wawepo mashahidi, na kila kitokacho kiandikwe papo hapo. Kwanza itafutwe karatasi mtotoni mwa meza (wengi huziandika huko), kisha zijaribiwe tarakimu za kiwandani. Zikishindikana, fundi wa makufuli hutoboa tundu jembamba akavitazama visahani. Nyundo huweza kufyatua komeo la pili, kazi ikazidi ugumu. Na moto huunguza hati za watu.

Lililo bora ni mwenyewe kuandika angali hai: deni, kama ilivyoamrishwa katika Al-Baqara aya ya 282, na amana kwa majina ya wenyewe, na tarakimu kwa mtu mwaminifu. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, hali watu wa mji ule wanataka kumwua, amana zao zilikuwa kwake. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe. Naye akakaa siku tatu, akampa kila mtu chake, ndipo akamfuata.