Mama Hakosi Upendo, Anakosa Muda

Wiki hii, ndani ya basi dogo kati ya Mafinga na Iringa, mama mmoja kijana alikuwa akizungumza na mwanawe wa miezi kama mitano. "Ona lori la mbao lile. Ona na ng'ombe. Umewaona?" Mtoto alimkodolea macho mdomoni, akatoa sauti, mama akaitikia, "Ee, kumbe umewaona!" Mzee aliyeketi nyuma yao akauliza, "Binti, unaongea na nani? Huyo anaelewa nini?" Abiria wakacheka. Mama akainama, akamfunika mtoto kitenge, na safari yote iliyobaki hakusema neno tena.

Nimeudhika tangu siku hiyo. Mama yule alikuwa kazini, na sisi tumemnyamazisha.

Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, ubongo hukua kwa kasi isiyorudi tena maishani. Mtoto akitoa sauti akaitikiwa, akinyoosha kidole akatajiwa jina la kitu, hapo ndipo akili inapojengwa. Mwaka 1986 na 1987, jijini Kingston, Jamaica, Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kufuatilia watoto 129 waliodumaa, wa familia maskini. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mama wakaonyeshwa jinsi ya kucheza na kuzungumza na watoto wao. Miaka 20 baadaye, waliopata malezi hayo walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuyapata.

Najua nitaambiwa, "Sisi tulilelewa vijijini bila mambo hayo, mbona tumekuwa watu?" Nani kasema hayakuwepo? Bibi aliyempakata mjukuu akimwimbia na kumtajia majina ya ukoo alikuwa akifanya nini? Kule Kokwet, Kenya, mtafiti Charles Super alieleza mwaka 1976 jinsi mama wa Kikipsigis walivyowafundisha watoto kukaa kwa kuwaweka kwenye kishimo kidogo kilichowashikilia mgongo. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Wazazi wetu walijua kwamba mtoto mchanga hufundishika.

Wengine watasema tatizo ni mama wa kijijini ambaye hakusoma. Elimu ya mama ina uzito wake, sikatai. Lakini hebu tutazame Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayoilisha nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni takribani asilimia 57. Mahindi yapo, maharage yapo. Mama ndiye hayupo, kwa sababu yuko shambani tangu alfajiri, kisha kuni, kisha maji. Mtoto anabaki na dada yake, ambaye naye bado ni mtoto, na uji uliopoa. Jioni mama anarudi hana nguvu hata ya kuitikia sauti ya mwanawe.

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na malezi yenye mwitikio, yaani kumwitikia mtoto anapotoa sauti au ishara, yametajwa humo waziwazi. Ni hatua njema. Ila tukiishia kuwakusanya akina mama na kuwahubiria waongee na watoto, tutakuwa tumemwongezea kazi mtu aliyekwisha elemewa.

Je, baba ana nafasi gani? Kwangu jibu ni wazi: achote maji, ampakate mwanawe, amtajie ng'ombe na malori. Ni malezi, na hayampunguzii mtu uanaume. Na serikali ya kijiji, kabla ya kuitisha semina nyingine, isogeze bomba na ifungue kituo cha kulelea watoto msimu wa kilimo. Mama akipumzishwa mzigo ataongea na mwanawe bila kufundishwa na mtu. Wajibu wetu sisi abiria ni mdogo zaidi: tumwache aongee.