Ahadi Haifi Pamoja na Mtu
2 Samweli 9



Daudi alikuwa mtu wa kuwindwa alipofanya agano na Yonatani, akaahidi kuitendea wema nyumba yake. Miaka ikapita. Yonatani akafa vitani katika mlima wa Gilboa, na Daudi akawa mfalme. Ni nani sasa awezaye kumdai? Shahidi wa agano lile hakuwapo ila Mungu peke yake. Lakini Daudi mwenyewe akauliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli. Akaletwa Mefiboshethi, kiwete wa miguu yote miwili, naye akaanguka kifudifudi kwa hofu. Daudi akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake siku zote.

Basi, uaminifu hupimwa hapo ambapo hapana mdai.

Hata huku kwetu jambo hili lilionekana. Mwaka wa 1920 wamisionari Wajerumani wa Leipzig waliondolewa na Serikali ya Kiingereza. Mwalimu angaliweza kuifunga shule na kwenda shambani kwake, asilaumiwe na mtu. Lakini walimu wengi wa Kilimanjaro na Meru waliendelea kuwafundisha watoto na kuliongoza kundi katika ibada. Hao wamisionari walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta mashirika yangali hai.

Na sisi tukaao Levolosi, je? Kando ya kaburi la ndugu twasema mbele ya watu wote, “Watoto wa marehemu ni watoto wangu.” Matanga yakiisha, mjane aja mlangoni kuomba ada ya shule, naye aambiwa, “Njoo kesho.” Tena shamba la marehemu huko mlimani limekwisha kusogezwa mpaka. Marehemu hasemi, lakini Mungu aliyesikia neno lile kaburini hajalisahau.

Nanyi walimu, mgonjwa mliyemwahidi kumtembelea angali akitazama mlango.

Ndugu, sisi sote tulikuwa viwete, wala hatukuwa na haki ya kuketi mezani pa Mfalme. Tumeketishwa kwa ajili ya agano la Mwingine. Kwa hiyo ikumbuke leo ahadi moja uliyompa mtu asiyeweza kukudai, ukaitimize kabla ya Jumapili, ndipo uje mezani pa Bwana.

Amin.