Kitambulisho cha bure nacho kina bei

Kila serikali inapotamka neno "bure", tuwe na desturi ya kuuliza: bure kuanzia wapi?

Mwaka 2005 jimbo la Indiana, Marekani, lilitunga sheria kwamba mpiga kura aonyeshe kituoni kitambulisho cha serikali chenye picha. Asiye nacho atapewa bila malipo. Nani alalamike? Lakini ili apewe, alete cheti cha kuzaliwa, na hicho kiliuzwa kati ya dola 3 na 12. Hapo hujahesabu nauli ya bibi kizee asiye na gari.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2008, na sheria ikapita kwa majaji 6 dhidi ya 3. Mahakama hiyo hiyo mwaka 1966 iliifuta kodi ya kura ya Virginia, dola 1.50 kwa mwaka, kwa hoja kwamba haki ya kura haipimwi kwa mfuko wa mtu. Mimi sioni vipi dola moja na nusu iwe dhulma, halafu dola kumi na mbili ziwe usumbufu tu, eti kwa sababu zinalipwa dirisha jingine.

Wanaoitetea wanasema inazuia wizi wa kura. Hoja hiyo siipuuzi, maana mwizi wa kura hutuibia sote. Ila katika kesi ile hapakuwa na ushahidi wa mtu hata mmoja aliyewahi kupiga kura kituoni Indiana kwa jina la mwenzake. Waliokwama, Mei 2008 mjini South Bend, ni masista wa Kikatoliki wapatao 12, vikongwe wa miaka 80 na 90. Aliyewazuia ni sista mwenzao, msimamizi wa kituo, anayewajua vizuri!

Na bei si fedha peke yake. Pemba mwaka 2009, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kilipokuwa sharti la kuandikishwa, kilio kilikuwa cha watu kunyimwa kadi, na lawama nyingi ziliwaangukia masheha.

Kwangu mimi, anayeweka sharti ndiye abebe mzigo wake. Kama serikali inaweza kufikisha sanduku la kura kila shehia kwa siku moja, inashindwaje kufikisha fomu na kamera miezi miwili kabla?