Kisu cha Mwenyeji: Swali la Kuchinja Kuku Mwika

Mchuzi wa kuku unaopikwa katika nyumba ya kawaida ya Mwika, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, hauhitaji vitu vingi: kuku wa kienyeji, vitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu na bizari, yaani mchanganyiko wa viungo vya kusagwa ambao hupata rangi yake kutokana na manjano. Kwa kuwa katika mwinuko wa mita 1,500 hivi maji huchemka yakiwa na nyuzijoto zipatazo 95 tu, kuku huyo huchemshwa kwanza kwa muda mrefu, ndipo vitunguu vikaangwe, bizari ifuate, nyanya ziive hadi mafuta yajitenge, na nyama irudishwe pamoja na supu yake. Hata hivyo, kabla ya hayo yote kuna kuchinja. Na mwezi Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani wakiandamana na wakwe na marafiki kutoka Tanga au Dar es Salaam, suala la nani ashike kisu huwa suala la imani kwa maana yake kamili.

Desturi iliyoenea Tanzania ni kumpa kisu Mwislamu ili wote wale. Wapo Wakristo wanaouona utaratibu huo kuwa unyonge, na wapo wanaodhani kwamba Mwislamu anayesita kula kuku aliyechinjwa na Mlutheri anamdharau mwenyeji wake. Dhana hiyo ya pili si ya haki. Kurani, sura ya 5 aya ya 5, huhalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Lakini wanazuoni wa kale wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Wasuni wengi wa Afrika Mashariki, walishurutisha kwamba mtu asiye wa uzao wa Israeli awe na wahenga waliojulikana kuingia katika dini hiyo kabla ya ujio wa Uislamu. Kwa kipimo hicho Wakristo wa Mwika, ambao wahenga wao walihubiriwa baada ya wamisionari wa Leipzig kuanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, hubaki nje ya ruhusa, ingawa wanazuoni wengine hawalishiki sharti hilo. Kusita kwa mgeni kuna hoja ya karne nyingi nyuma yake.

Kwa upande wa Kikristo, hoja nzito zaidi ni ya Mtume Paulo, ambaye katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 hadi ya 10, anajadili nyama iliyotolewa kwa sanamu na kuamua kwamba mwamini yu huru kula, ila aweza kuiacha haki yake kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake. Na katika 10:32 wenzake hao si watu wa kanisa peke yao. Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba mtu aliye huru kwa imani huwa mtumishi wa wote kwa upendo. Kwa msingi huo, Mlutheri anayemkabidhi shemeji yake Mwislamu kisu haipunguzi imani yake, bali anaitenda.

Lakini tendo hilo lina uzito wa kidini pale tu mtendaji anapokuwa na uwezo wa kulikataa. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja ulifikia hatua ya mchungaji kuuawa, na tangu hapo ni vigumu kuisifu desturi hii bila kuongeza kwamba hisani inayodaiwa kwa nguvu imekwisha kuwa kodi.

Wachaga wenyewe walikuwa na fikra iliyo karibu na hii ya kuiacha haki kwa ajili ya mwenzako kabla ya Ukristo, kwa kuwa mbuzi aliyechinjwa hakuwa wa mchinjaji peke yake: kila sehemu ya nyama ilikuwa na ndugu wa kupewa. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alijenga teolojia yake juu ya mafungamano ya namna hiyo, yaani ukoo, ujirani na rika.

Tena kisu peke yake hakitoshi. Sufuria iliyopikiwa nyama ya nguruwe, ambayo ina wapenzi wengi Moshi, humrudishia mgeni shaka ileile, hivyo mwenyeji aliyekubali kutoa kisu hana budi kukumbuka pia sufuria, mwiko na mafuta, na kumweleza mgeni ukweli kabla hajanawa mikono.